Tumbo Langu na Maswali ya Wabera

Salaam aleikum, na habari zenu nyinyi wengine. Nimeambiwa nina muda wa kutosha, kwa hivyo msianze kupiga miayo mapema. Jina langu ni Safia. Wengi hapa Kiwanjani mnanijua kwa duka la vitambaa, yule mama mwenye mdomo. Ni kweli nina mdomo. Leo nitautumia kueleza jinsi nilivyougua nikiwa msichana, nikabaki mifupa na tumbo, na jinsi nilivyopona. Nasema kwa sababu juzi nimeona mtoto wa kule mtaa wa Chechelesi amechomwa tumbo na nyanya yake kwa msumari wa moto, na nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Na yeyote anayetaka kuniuliza kama nililogwa, aniulize kesho. Sikulogwa.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu bure kabisa. Babu yetu, Msomali, aliletwa Isiolo na jeshi la Waingereza akastaafia hapa hapa, na baba alirithi kwake mambo mawili: kuamka kabla ya adhana na kutoa amri. Tuliishi mtaa wa Wabera. Baba alikuwa na lori na alikuwa na mbuzi. Lori lilimlisha, lakini roho yake ilikuwa kwa mbuzi, ambao walikaa porini na mchungaji wa kuajiriwa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kufeli vizuri. Kazi yangu ikawa kusuka nywele, kusikiliza redio na kumjibu mama.

Halafu ukaja ule ukame wa miaka ya themanini, ule wa unga wa njano. Nyinyi wa umri wangu mnaukumbuka. Ugali wake ulinuka gunia. Yule mchungaji akaenda kuokoa ng'ombe wa kwao, na nani angemlaumu. Kaka zangu wawili walikuwa kwenye lori. Siku moja baba akamaliza chai akasema, "Safia ataenda kwa mbuzi pamoja na shangazi yake."

Mama akacheka. "Huyu? Huyu hata kuku hajui kufungia."

"Atajua," baba akasema, akavaa viatu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kambi ilikuwa mbele ya kijiji cha Kula Mawe, ndani kabisa, mbali na barabara. Kibanda cha mikeka, boma la miiba, punda mmoja wa kubeba maji, na mbuzi. Mnaosifu mbuzi hamjawahi kuishi nao. Mbuzi akiona majani mazuri mbele yake atayaacha aende kupanda mwamba kutafuta mabaya. Ukimwita anakutazama, anatafuna, anakugeuzia mkia. Wiki za kwanza nililia kila siku kwa hasira, si kwa huzuni.

Shangazi yangu tulimwita Eddo. Alikuwa mwembamba, mkali, na hakurudia maneno. Alinifundisha kukamua, kuziba boma, na kujua mbuzi mgonjwa kwa masikio yake. Na alinifundisha kukaa kwenye kichuguu. Hapa mnisikilize, kwa sababu ndipo penye ugonjwa wangu.

Kwetu mifugo haihesabiwi kwa vidole. Ukiwahesabu unawaita fisi. Jioni wanaporudi, mchungaji hupanda juu ya kichuguu cha mchwa, anaketi, na kila mbuzi anapita mbele yake akitazamwa uso. Huyu yupo, mama yake yupo, yule mwenye sikio lililochanika hayupo. Hiyo ni kazi ya saa nzima, jua likizama. Eddo alikipenda kichuguu chake mtu anavyopenda kiti cha nyumbani. "Anayekaa chini haoni mifugo, anaona miguu," aliniambia. Kile kichuguu kilikuwa na nyufa, na ukiketi ulihisi hewa ya moto ikitoka ndani. Pamoja na hewa walitoka wadudu wadogo kuliko mbu, wasio na mlio, wakaniuma vifundoni na shingoni. Nikalalamika. Eddo akasema ni vumbi linaniwasha kwa sababu mimi ni mtu wa mjini.

Basi nikakaa kichuguuni kila jioni ya Mungu, nikijiona mtu mzima.

Baada ya miezi kadhaa, habari zikaja kwamba binti ya Eddo kule Garba Tula anakaribia kujifungua. Eddo akafunga mzigo wake. "Naenda siku chache tu," alisema. Wallahi, siku chache za watu wetu hazina mwisho. Binti alizaa kwa shida, Eddo akakaa amngojee amalize arobaini, na arobaini ilipoisha akapata sababu nyingine. Nikabaki peke yangu na mbuzi.

Mnapenda kusema kwamba nyika inafundisha. Nyika haifundishi kitu, imelala tu hapo. Wanaofundisha ni mbuzi, kwa sababu wakiwa na kiu hawamtazami baba yako, wanakutazama wewe. Nilipoamka hapakuwa na mtu wa kumjibu vibaya. Nilipochelewa kuziba boma hakuna aliyenifokea; fisi alikuja tu, akachukua mwana-mbuzi, na asubuhi nikaona damu. Sikuchelewa tena.

Siku moja beberu mmoja alivunjika mguu katikati ya mawe. Kwetu anayechinja ni mwanamume, na mwanamume wa karibu alikuwa mwendo wa nusu siku. Nilikaa kando ya yule mnyama nikimlaani baba, kaka zangu, na Eddo mmoja mmoja kwa jina. Kisha nikamgeuza kibla, nikasema bismillahi, nikachinja. Kisu kilikuwa kikali. Nyama nikaianika, na niliila bila kuomba radhi ya mtu.

Kisimani nako kulikuwa na mambo yake. Wenyewe ni Waborana, na kuna mzee wanayemwita abba herega, ambaye kazi yake ni kupanga zamu za kunywesha. Huyo wetu aliitwa Mzee Guyo. Siku ya kwanza niliyokwenda peke yangu alinitazama akasema, "Leta mkubwa wako tuongee zamu."

"Mkubwa ni mimi," nikamwambia.

"Wewe ni mtoto."

"Mzee, mbuzi hawajui hilo. Wana kiu."

Alitema tumbaku yake, kisha akanipa zamu, tena baada ya ng'ombe wote, wakati maji yamekuwa matope. Lakini nilipewa, na kuanzia siku hiyo nilikuwa na zamu yangu kama watu wengine.

Homa ilianza hivi hivi, kama mzaha. Jioni natetemeka, asubuhi niko sawa, nafungua boma naondoka. Halafu ikawa inakuja mara mbili kwa siku moja. Nililoa jasho hadi shuka ikanuka. Lori la baba au la marafiki zake lilikuwa likipita na kuniachia unga kwenye duka moja pale Kula Mawe, na mimi nilikwenda kuuchukua na punda. Nikamwomba dereva amwambie baba naumwa. Jibu lilikuja na gunia lililofuata: tembe za malaria, na ujumbe kwamba nimeze na nisiwaache mbuzi. Nikameza. Mwili ukaniwasha kama nimelalia upupu, na homa haikutikisika. Nikatuma ujumbe tena. Zikaja tembe tena. Nadhani ningemwambia nimekufa, baba angetuma tembe za malaria.

Sasa nitaeleza mwili, na wanaume walioko hapa wazibe masikio wakitaka. Nilikonda. Nyama ya mikono ikaisha, kalio likaisha, nikikaa chini nakalia mfupa. Ngozi ikapauka, kisha ikaingia weusi wa ajabu usoni na mikononi. Nywele zangu nilizokuwa nikiringa nazo zikang'oka kwenye kitana. Damu ilinitoka puani nikiinama kukamua, ikadondokea kwenye maziwa, nikayamwaga nikilia kwa uchungu wa maziwa. Damu ya mwezi nayo ikakatika. Na wakati kila kitu kingine kinapungua, tumbo likaota. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kulikuwa na kitu kigumu kama jiwe. Kwanza kilikuwa kidogo, baadaye nikakipapasa hadi karibu na kitovu. Nikilala upande ule kinanikaba pumzi.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha mbuzi nikapanda lori nikaenda nyumbani. Hata mimi nimejiuliza. Ni kwa sababu nilijua nikiwaacha watakufa, na niliwajua nyuso mmoja mmoja. Nikaendelea, nikitembea kidogo, nikiketi kidogo. Na kila jioni, mjinga mimi, nilijikokota nikapanda kichuguu kile kile kuwatazama wakirudi.

Siku moja miguu ilikataa. Nilifungua boma nikaanguka palepale mlangoni. Mbuzi wakaniruka, wakaenda kisimani wenyewe kwa kuwa njia waliijua na ilikuwa siku ya zamu yetu. Mzee Guyo akaona mbuzi bila mchungaji. Aliwanywesha kwanza, maana zamu ni zamu, kisha akafuata nyayo zao mpaka kwangu.

"Nani yuko na wewe hapa?" akauliza.

"Mbuzi," nikasema.

Alinitazama uso, akatazama tumbo, akaangalia pembeni. Hakusema neno baya, Mungu amrehemu. Alinipa maji, akasema mbuzi wangu watalala kwenye boma lake, na akamtuma mwanawe Garba Tula kumwita Eddo.

Eddo alifika akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hata salaam hakutoa. "Ni ya nani?" akaniuliza.

"Nini?"

"Usinifanye mjinga. Hiyo mimba ni ya nani?"

Jamani. Kwa siku nyingi sikuwa nimekula kitu kikakaa tumboni. Damu imekauka puani. Na mtu mzima aliyeniacha kwa siku chache amesimama juu yangu anauliza hivyo. Nilimwapia kwa Mwenyezi Mungu. Akanipapasa lile jiwe, akasema huenda ni wengu, yaani bandama, umevimba, na kwa wengu dawa ni moto. Lakini hakuacha kuuliza. Alikuwa anapasha chuma kwenye makaa huku anauliza jina la mwanamume.

Nikamwambia, "Eddo, kama ni mimba, unanichomea nini? Na kama ni wengu, unaniuliza mwanamume wa nini? Chagua moja."

Hakuchagua. Alinichoma mistari juu ya tumbo, mmoja baada ya mwingine, mke wa Mzee Guyo akinishika mikono. Nilisikia harufu ya ngozi yangu, na ilikuwa ile ile ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Vidonda vikatunga usaha. Wengu haukupungua hata kidogo. Eddo alifanya alichojua na alikifanya kwa mapenzi, lakini mapenzi hayakuzuia usaha.

Wakanipandisha lori juu ya magunia hadi Isiolo. Sikumbuki njia. Nakumbuka kufika Wabera na majirani kujaa chumbani kuja kumwona mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe hawakumwona. Macho yote yalikuwa tumboni. Mama Rukia wa nyumba ya pili alikaa mkekani tangu adhuhuri hadi alasiri akinywa chai yetu, akihesabu miezi kwa vidole chini ya buibui, akidhani sioni. "Porini peke yake, msichana," alimwambia jirani yake. "Mungu asitiri." Kila aliyekuja alimwomba Mungu asitiri, na akitoka alikwenda kueneza.

Baba hakuingia chumbani kwangu. Alisimama mlangoni, akazungumza na ukuta. "Muulize bintiyo," alimwambia mama. Nilikuwa palepale, nasikia.

Mama akasema, "Nimezaa, najua mimba. Mwenye mimba uso unajaa. Huyu uso wake ni wa maiti. Nampeleka hospitali Meru."

"Akipelekwa hospitali mji mzima utajua."

"Mji mzima unajua tayari, tena unajua kisichokuwepo. Toa gari."

Hakutoa. Mama alikodi gari la jirani, tukapanda kuelekea Meru mimi nikiwa nimelala mapajani mwake, baridi ya mlima ikitupiga, naye akinisomea dua na kunikemea kwa zamu ili nisilale moja kwa moja.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Alinipapasa tumbo, akaona zile alama za moto, akashusha pumzi kama mtu aliyechoka kuona kitu kile kile. Nilingoja aniulize mimba ni ya nani. Badala yake akauliza, "Huko mnakolisha mifugo kuna vichuguu vya mchwa?"

Nikadhani amechanganyikiwa. "Viko."

"Unakaa juu yake?"

"Kila jioni."

"Basi," akasema, akaandika.

Walinichoma sindano ndefu kwenye lile jiwe la tumbo, kwenye wengu wenyewe, nikaambiwa nisikohoe wala kupumua. Kisha nikalazwa chali bila kusogea hadi siku ya pili, kwa hofu nisivuje damu ndani. Majibu yalipotoka daktari alituita mimi na mama. Ugonjwa unaitwa kalazar. Wale wadudu wadogo wasio na mlio wanaishi ndani ya nyufa za vichuguu, wanatoka jua likizama, na wakikuuma wanakuachia viini vinavyokwenda kukaa kwenye wengu. Mama akauliza mbona shangazi yangu amekaa kwenye vichuguu maisha yake yote na ni mzima. Daktari akasema wengi huumwa wasiugue, lakini mwili wenye njaa huanguka. Usipotibiwa, akasema, unakufa. Alisema hivyo hivyo, bila kupaka sukari.

"Tiba ipo," akaongeza. "Sindano kila siku, mwezi mzima. Ukiacha katikati, ugonjwa unarudi na dawa inaweza kukataa kukusaidia."

Mama alitoa damu nikaongezwa. Sindano zikaanza. Ile dawa ni nyingi na inaingia polepole, kalioni leo kulia kesho kushoto, na mimi kalio sina. Baada ya siku chache palikuwa pagumu kama ubao. Viungo viliuma, chakula kilikuwa na ladha ya kijiko. Nilimchukia yule sista wa sindano kwa moyo wote. Nikisikia viatu vyake nje, nageukia ukutani. Mama alinisihi ninywe uji, nikakataa, akaninywesha bila kuniuliza tena. Mgonjwa haulizwi uji.

Halafu jioni moja nikangoja homa na homa haikuja. Nikangoja kesho yake, haikuja. Nikaomba chakula. Nikala changu nikamaliza na cha mama. Lile jiwe likaanza kurudi nyuma, na kila asubuhi nililipapasa nikaona limesogea kuelekea mbavuni. Alhamdulillahi.

Kitanda cha pili alikuwa mama mmoja wa Kitui mwenye ugonjwa kama wangu. Alikuwa amelazwa mara ya kwanza mwaka uliotangulia, akapata nafuu, mumewe akamchukua kabla ya sindano kuisha kwa sababu kulikuwa na kazi ya shamba. Sasa alikuwa amerudi. Sindano zile zile hazikumfanya kitu. "Nilijisikia mzima kabisa," aliniambia, "hata nililima." Siku moja mchana, watu wakiwa wanakula, masista wakamfunika uso.

Katika wiki hiyo hiyo baba alikuja. Alikuwa hajafika tangu nilazwe. Alivaa kanzu na koti, akasimama miguuni pa kitanda akalitazama tumbo, ambalo lilikuwa limepungua sana.

"Umepona," akasema. "Vaa twende."

Mama akamwambia sindano bado.

"Anakula kama askari. Idd imekaribia. Nataka siku ya Idd atoke na wenzake, apite Wabera yote, watu waone hana kitu. Tumesemwa vya kutosha."

Nikaelewa. Si kwamba hakunipenda. Alikuwa anatembea kila siku kwenda msikitini mbele ya macho yale, na alikuwa amechoka. Lakini nilikuwa nimelala karibu na kile kitanda kitupu.

"Aabo, siendi," nikasema. Aabo ndivyo tunavyomwita baba.

"Umesemaje?"

"Siendi mpaka sindano ziishe."

"Nani amekufundisha kunijibu hivyo?"

"Mbuzi wako," nikasema. "Ulinipa mbuzi. Nikaamua nani anywe, nani achinjwe, walishwe wapi. Hukuja kuniuliza hata mara moja, na mbuzi ni wazima, wako kwa Mzee Guyo. Sasa mwili huu nao niachie."

Mama alishika kichwa. Wadi nzima iligeuka kututazama, hata wasiojua tunasema nini.

"Na watu?" baba akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira tena. "Watu niwaambie nini, Safia?"

Hapo mdomo wangu ukanizidi. "Wakitaka kuliona tumbo langu, lori unalo. Walete waone."

Akageuka akatoka. Mama hakunisemesha hadi jioni. Nilijifunika shuka nikalia, kwa sababu nilijua baba hasahau, na sikujua kama nitakuwa na nyumba ya kurudi. Lakini sista alipokuja na sindano sikugeukia ukutani. Nilijilaza mwenyewe.

Siku zikapita, na sindano zilikuwa zimekaribia kwisha. Mchana mmoja nikasikia vishindo na manukato ya udi kwenye korido. Kumbe baba alikuwa amenisikia neno kwa neno. Alikuwa amewapakia wanawake wa Wabera kwenye lori, Mama Rukia mbele pamoja na chupa ya chai, akawaleta njia yote ya mlima. Walikuwa wamejaa vumbi na wamegandishwa na baridi. Waliingia wakapanga mstari kuzunguka kitanda changu. Baba alisimama nyuma yao, karibu na dirisha.

Mama Rukia akauliza habari ya afya, akauliza habari ya chakula cha hospitali.

Nikatupa shuka pembeni. Nikafunua tumbo mbele yao. Lilikuwa bapa, limelegea ngozi, na juu yake ile mistari ya chuma cha Eddo, mingine bado inatoa maji. Nikawaambia waguse. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Rukia akaanza kulia kimyakimya, akijifuta kwa ncha ya buibui, na nakiri nilimwacha alie.

Ndipo sista akaingia na trei yake. Baba akasonga mbele, akawatazama wale wanawake.

"Mmeona?" akasema. "Sasa tokeni nje. Binti yangu anadungwa sindano."

Wakatoka. Yeye alibaki. Alikaa kwenye kiti cha mama akaangalia dirishani sista akifanya kazi yake, na sindano ilipoisha akauliza, kwa ile sauti yake ya amri, kama nilihisi uchungu. Nikasema nilihisi sana. Akaitikia kwa kichwa, na tukakaa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, Mzee Guyo aliyefuata nyayo za mbuzi, daktari, na yule sista niliyemchukia. Namshukuru baba pia, marehemu sasa. Hata Eddo namshukuru, ingawa alikaa kwenye vichuguu hadi kufa kwake na hakuna aliyeweza kumshusha. Nyinyi wenye mifugo, mkitaka kutazama mbuzi wenu jioni, simameni kwenye jiwe. Moto wekeni chini ya sufuria.

Na siku mtakapoona tumbo la binti wa mtu linavimba, msiketi mkekani kuhesabu miezi. Mpandisheni gari aende hospitali. Maswali yenu yote mnaweza kumuuliza njiani.